Jenereta ipo, bakapu ipo, faiba mbili zipo: mpango wetu wa majanga umebakisha nini?

Forodha_Kizingo

Assalam aleikum wadau. Nimepewa kazi ya kuandika mpango wa kuendeleza kazi wakati wa majanga. Ni kampuni ya uwakala wa forodha, wafanyakazi 22, ofisi iko kisiwani Mombasa katikati ya mji, ghorofa ya kwanza. Mteja wetu mkubwa anautaka kabla ya kutia sahihi mkataba mpya, na amesema ufuate ISO 22301, kiwango cha kimataifa cha mipango ya aina hii, kadiri itakavyowezekana.

Tulivyo navyo: seva moja yenye hesabu na mafaili ya wateja, kama gigabaiti 800. Kila usiku inanakiliwa kwenye diski ya mtandao iliyo chumba hichohicho, na pia kwenye hifadhi ya wingu iliyo Ulaya. UPS (kasha la betri linaloshika stima ikikatika) ya VA 1500. Jenereta ya kVA 20 iko uani. Faiba mbili za kampuni tofauti, megabiti 20 kwa sekunde (Mbps 20) kila moja, na moja ikifa rauta inahamia nyingine yenyewe. Entri (matamko ya mizigo) tunazifanya kwenye iCMS, mfumo wa forodha wa Mamlaka ya Mapato ya Kenya (KRA), na malipo yanapita benki na kwenye simu.

Nimepakua violezo kadhaa. Kimoja kina kurasa 80 na kimejaa matetemeko ya ardhi na dhoruba za theluji. Nianzie wapi? Na katika hivi tulivyo navyo, tundu liko wapi? Mkurugenzi ana hakika kwamba kila kitu kina cha pili yake.

Mifumo_Ganjoni

Waaleikum salaam. Hayo maneno ya mkurugenzi ndiyo ya kuyapima kwanza. Chukua kila kilicho viwili ukifuate hadi kwenye mzizi wake, uone kama ni viwili kweli. Seva na diski ya bakapu zimo chumba kimoja, kwa hiyo moto mmoja, bomba moja lililopasuka au mwizi mmoja anaviondoa vyote. Faiba mbili zikiingia jengoni kwa mtaro mmoja, jembe moja la wachimba barabara linazikata zote. Mambo ya stima nawaachia mafundi wake.

Kuhusu pa kuanzia: usianze na orodha ya majanga, anza na orodha ya kazi. Kaa na kila idara nusu saa. Andika kila kazi wanayofanya, halafu uliza: ikisimama saa 4 kunatokea nini? Siku 1? Siku 3? Nani atapiga simu kulalamika, na ni shilingi ngapi zinapotea? Kwenu entri na kutoa makontena vitakuja juu kabisa, kwa sababu siku za bure bandarini zinahesabika stima iwepo isiwepo, na zikiisha gharama za uhifadhi zinaanza kuhesabiwa kila siku. Mishahara inaweza kusubiri siku tano katikati ya mwezi, lakini tarehe 28 haiwezi kusubiri hata moja. Kwa hiyo andika pia ni lini kazi hiyo inauma zaidi. Violezo vingi vinaliruka hilo.

Kwa kila kazi toa namba mbili. Ya kwanza ni muda ambao kazi inaweza kusimama kabla madhara hayajawa makubwa. Ya pili ni kiasi cha kazi iliyokwisha kuingizwa ambacho mko tayari kukipoteza. Bakapu yenu ni ya usiku. Seva ikifa saa kumi jioni, mmepoteza kila kilichoingizwa tangu asubuhi. Je, makarani wanaweza kukiingiza upya kutoka kwenye karatasi? Kama karatasi zipo na ni entri 15, sawa. Kama mambo yalikuja kwa barua pepe na simu, si sawa. Namba hizi mbili ndizo zitakazokuambia utumie pesa wapi, na mkurugenzi azitie sahihi yeye mwenyewe, si wewe.

Majanga yenyewe yapange kwa matokeo, si kwa sababu. Sababu hazina mwisho, lakini matokeo ni manne tu: jengo halifikiki, watu hawafiki, mifumo haifanyi kazi, au mtu wa nje mnayemtegemea amesimama. Mvua za Novemba 2023 zilizofurisha mitaa ya Mombasa, moto wa duka la chini, na polisi kufunga barabara vyote vinaangukia "jengo halifikiki", na kurasa mbili za maelekezo zinatosha kwa vyote. Hapo umeokoa kurasa 50.

Kuhusu ISO 22301 ya 2019, kiini chake kwako ni kifungu cha 8: 8.2 ni huo uchambuzi wa athari na hatari, 8.3 ni mbinu mlizochagua, 8.4 ni mipango yenyewe, na 8.5 ni mazoezi. Mkaguzi wa mteja akikuta hivyo vinne vimejazwa kwa ukweli, atakusikiliza kuliko akikuta kitabu kinene kisichotaja hata jina la mwenye ufunguo wa geti.

SevaNaChumvi

Naongeza upande wa bakapu, kwa sababu nimeona gigabaiti 800 na Mbps 20 katika aya moja.

Piga hesabu. Baiti moja ni biti 8, kwa hiyo gigabaiti 800 ni gigabiti 6,400. Kwa Mbps 20 zisizopungua hata kidogo ni sekunde 320,000, yaani saa 89. Siku tatu na robo tatu za kushusha data kutoka Ulaya, mchana na usiku, bila mtu mwingine kugusa laini hiyo. Nakala ya wingu inawaokoa msipoteze data, lakini haiwarudishi kazini kesho. Diski ya nje ya USB inayosoma megabaiti 100 kwa sekunde inamaliza kazi hiyohiyo kwa saa mbili na dakika kumi na kitu.

Kwa hiyo nunueni diski mbili za nje za terabaiti 2, zisimbwe (zisisomeke bila ufunguo), zipokezane kila Ijumaa. Moja inakaa ofisini ikiwa imechomolewa, nyingine inakaa mbali. Mbali maana yake isiwe jengo hilo wala mtaa unaofurika pamoja na wenu. Ile ya mbali iwe na orodha ya nani aliichukua na lini, maana baada ya miezi mitatu watu huacha kupokezana bila kumwambia mtu.

Halafu diski ya mtandao. Je, inaonekana kwenye kompyuta za makarani kama folda ya kawaida? Kama ndiyo, virusi vya kufunga mafaili na kudai kikomboleo vitaifunga nayo, kwa sababu vinafunga kila kinachoandikika na akaunti ya aliyebofya kiambatisho. Akaunti ya bakapu iwe ya peke yake, na nywila yake isitumike popote pengine. Afadhali diski ndiyo iende kuchukua data kwenye seva, kuliko seva kuwa na ruhusa ya kuandika na kufuta kwenye diski. Upande wa wingu, angalieni kama mlichonacho ni bakapu au ni usawazishaji tu, yaani nakala inayofuata kila badiliko la seva. Usawazishaji unapeleka mafaili yaliyofungwa juu ya mazima bila kuuliza. Washeni uhifadhi wa matoleo ya nyuma na kufuli ya kutofutika kwa siku 30.

Jambo linaloumiza ofisi za hesabu zaidi ya yote: kunakili faili la hifadhidata likiwa limefunguliwa. Kila asubuhi ripoti inasema "imefaulu", lakini siku ya kurejesha faili halifunguki, kwa sababu nusu ya kwanza ilinakiliwa kabla ya muamala na nusu ya pili baada yake. Tumieni zana ya programu ya hifadhidata yenyewe kutoa nakala, kutegemea mnatumia ipi. Kwa MySQL yenye jedwali za InnoDB ni mysqldump pamoja na --single-transaction. Kwa PostgreSQL ni pg_dump. Kwa SQL Server unaweza kunakili kumbukumbu za miamala kila dakika 15, na hapo ile namba ya pili aliyoisema Mifumo_Ganjoni inashuka kutoka siku nzima hadi robo saa, bila kununua kifaa chochote.

Kisha jaribuni kurejesha. Mara moja kwa mwezi, kwenye kompyuta nyingine, si kwenye seva yenyewe. Anzeni na saa mkononi. Hifadhidata ikifunguka, tafuteni ankara ya mwisho ya jana, linganisheni jumla ya mizania na ya kwenye seva, fungueni mafaili kumi ya wateja mkiyachagua ovyo ovyo, na mwambieni karani mmoja achape ripoti anayoichapa kila siku. Andikeni ilichukua dakika ngapi. Namba hiyo ndiyo muda wenu halisi, hata kama mpango umeandika mwingine.

Ufunguo wa kusimbua bakapu usikae kwenye seva inayonakiliwa pekee. Uchapwe, utiwe kwenye bahasha iliyofungwa, nakala mbili, mahali pawili.

FundiStima_Tudor

Stima sasa.

UPS ya VA 1500 za aina ya kawaida hutoa kama wati 900, na ndani mna betri mbili za volti 12, Ah 9. Seva, swichi, rauta na diski ya mtandao pamoja zinakula kama wati 320. Kwa mzigo huo betri mpya zinakupa kama dakika 15. Watu huzidisha 12 kwa 9 kwa 2 wakapata wati-saa 216 na kudhani wana dakika 40, lakini betri ya risasi na asidi kama hizi ikinyonywa kwa kasi haitoi ujazo wake wote.

Joto ndilo adui mkubwa hapa Pwani. Kila nyuzi 10 juu ya 25, maisha ya betri hizi yanapungua kwa nusu. Chumba cha nyuzi 35 kinageuza betri ya miaka mitano kuwa ya miaka miwili na nusu, na haitakupa dalili yoyote hadi siku ya kuitumia. Andika tarehe ya kuziweka kwa kalamu ya wino mzito juu ya kasha. Badilisha kila baada ya miaka miwili. Kila baada ya miezi mitatu chomoa plagi ya UPS ukutani baada ya saa za kazi, kazi zote zikiwa zimehifadhiwa, na upime inashika dakika ngapi. Weka programu ya UPS izime seva kwa utaratibu betri ikibaki asilimia 40. Seva ikizimika ghafla wakati hifadhidata inaandika, mna kazi ya kurejesha hata kama stima ilikatika dakika tano tu.

Jenereta: kVA 20 ni kama kilowati 16, na ikibeba nusu ya hapo inakunywa kama lita 3 kwa saa. Tangi la lita 60 ni saa 20. Kwa siku mbili mnahitaji kama lita 150, na msisahau kwamba stima ikipotea mji mzima, vituo vya mafuta navyo vinasubiri jenereta zao. Usiku wa Agosti 25, 2023 sehemu kubwa ya nchi ilikaa gizani kwa saa nyingi, na hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta sehemu ya majengo ilibaki giza kwa sababu jenereta iligoma kuwaka. Kinachogomesha jenereta mara nyingi ni betri ya kuwashia, si injini.

Kila mwezi iwashe dakika 30 ikiwa na mzigo wa asilimia 30 au zaidi. Kuiwasha bila mzigo kunajaza masizi na mafuta yasiyoungua kwenye njia ya moshi, na siku ya kazi inakosa nguvu. Kwa unyevu wa hapa dizeli inashika maji, kwa hiyo fungua kichujio cha maji kila mwezi, umwage, na mafuta yasikae tangini zaidi ya miezi sita hadi kumi na miwili. Jenereta iliyo uani isimame juu ya jukwaa la zege, na swichi ya kubadilisha stima iwe juu ya usawa wa maji ya mafuriko. Jukwaa wengi wanalikumbuka, swichi wanaiacha chini.

Tundu lingine ni kiyoyozi cha chumba cha seva. Mara nyingi kimeunganishwa na upande usiolishwa na jenereta. Seva inaendelea kufanya kazi, chumba kinapanda hadi nyuzi 45, na baada ya muda inajizima yenyewe. Fuata waya kwa macho, usiamini mchoro.

Kuna pia hili: UPS nyingine hukataa stima ya jenereta kwa sababu masafa (Hz) ya stima hiyo yanayumba. Inarudi kwenye betri, inajaribu tena, inarudi tena, hadi betri inaisha huku jenereta ikinguruma nje. Ukiona UPS inalia tiki-tiki jenereta ikiwa imewaka, punguza usikivu wake kwenye mipangilio, na fundi arekebishe gavana (kidhibiti mwendo) ya jenereta.

Kizima moto cha chumba hicho kiwe cha kaboni dioksidi. Unga ukichanganyika na unyevu wa Pwani unakula shaba ya bodi hata zile ambazo moto haukuzigusa.

NyayaZaBahari

Kuhusu faiba, waulize watoa huduma wote wawili maswali matatu kwa maandishi. Laini inaingia jengoni kwa nguzo au kwa mtaro, na upande gani? Inakwenda kwenye kituo gani cha kwanza? Na kutoka nchini inatumia waya gani wa baharini? Wa tatu ndio wanaoukwepa, usiwaachie.

Mombasa ndipo nyaya za baharini zinapotua: SEACOM na TEAMS tangu 2009, EASSy 2010, LION2 2012, na nyingine baadaye. Kutua hapa hakukulindi. Februari 2012 meli ilitia nanga ikaikata TEAMS nje kidogo ya bandari yetu. Februari 2024 nyaya kadhaa zilikatika Bahari ya Shamu, na Mei 2024 EASSy na SEACOM zikaharibika pamoja upande wa kusini. Ukiwa na kampuni mbili zinazotegemea waya mmoja, una kampuni moja yenye ankara mbili. Na nakala yenu ya wingu iko Ulaya, kwa hiyo siku hizo hesabu ya saa 89 inazidi. Kama mtoa huduma wenu wa wingu ana kituo Nairobi, wekeni huko nakala ya karibu, ya Ulaya ibaki ya akiba.

Laini ya tatu iwe ya 4G kwa kampuni isiyohusiana na hizo faiba. Iwe na kadi ya simu iliyolipiwa, na ijaribiwe. Milingoti ya simu ina betri za saa chache na ikikatika stima kila mtu anahamia huko, kwa hiyo itumieni kwa iCMS na barua pepe tu, mkizuia mengine kwenye rauta.

Jambo dogo linalosahaulika: jina lenu la mtandaoni la .co.ke linalipiwa na nani, kwa barua pepe ipi? Kama ukumbusho unakwenda kwa anwani ya jina hilohilo, au ya mfanyakazi aliyeondoka, siku litakapoisha barua pepe zote zinasimama, na mtahangaika kutafuta kosa kwenye seva isiyo na kosa.

Forodha_Kizingo

Shukran sana. Nimeenda kufuata waya wa kiyoyozi: kweli hauko upande wa jenereta. Na diski ya mtandao inaonekana kwenye kompyuta zote kama folda. Mawili: watu wetu 14 kati ya 22 wanatoka Likoni na Kisauni, ng'ambo ya kisiwa, nipange vipi? Na iCMS yenyewe ikiwa haipatikani, hilo si letu, tunaandika nini?

Hesabu_Mikindani

Ndugu, chukua karatasi uandike kila mfanyakazi, anaishi upande gani, na anapita wapi: feri ya Likoni, daraja la Nyali, au Makupa. Halafu kwa kila kazi ya juu kwenye orodha weka watu wawili wanaoiweza, wanaotoka pande tofauti. Karani mkuu na msaidizi wake wakiwa wote wa Likoni, feri zikisimama huna karani. Wenye sahihi za benki vilevile. Benki ikihitaji sahihi mbili na wote wawili wanapita Nyali, ongezeni wa tatu sasa, kwa sababu kubadilisha idhini ya sahihi kunataka azimio la wakurugenzi na hakufanyiki siku ya janga. Angalieni pia simu inayopokea namba za siri za malipo na za kuingilia mifumo. Kama ni simu moja ya mtu mmoja, hiyo nayo ni seva isiyo na bakapu. Sajilini kifaa cha pili, na zile namba za dharura za kuingilia zichapwe zitiwe kwenye bahasha ya SevaNaChumvi.

Kompyuta mpakato tatu zenye kila programu mnayohitaji, zikae kwa watu watatu nje ya kisiwa. Kila mwezi wazifungue wazisasishe, zisije zikadai masasisho ya saa mbili siku mnapozihitaji.

iCMS si yenu kuirejesha. Andika mnachoweza kufanya mkisubiri: nyaraka za kila mzigo zikaguliwe na thamani zihesabiwe kwenye jedwali la nje ya mtandao, ili mfumo ukirudi kazi iliyobaki iwe kuingiza tu. Pangeni foleni kwa tarehe ya kuisha siku za bure, si kwa ukubwa wa mteja. Pigeni picha ya skrini yenye saa kila mnapojaribu kuingia, maana mkija kuomba kusamehewa gharama mtahitaji ushahidi. Na wateja waarifiwe ndani ya saa ya kwanza, kwa ujumbe ulioandikwa mapema wenye nafasi za kujaza.

Sheria: mnashika data za watu, kwa hiyo Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inawahusu. Data ikivuja na kuna hatari ya kweli ya madhara, Kamishna wa Data anaarifiwa ndani ya saa 72 tangu mjue. Mkiwa mnaichakata kwa niaba ya mteja, mteja anaarifiwa ndani ya saa 48. Weka saa hizo kwenye ukurasa wa kwanza, pamoja na jina la atakayeandika barua. Rekodi za kodi zinatakiwa miaka mitano, kwa hiyo bakapu zinazojifuta zenyewe ziangaliwe upande huo pia.

Bima ya hasara ya kazi kusimama kwa kawaida hailipi mpaka pawe na uharibifu wa mali ulio ndani ya bima. Stima kukatika au barabara kufungwa mara nyingi hakumo isipokuwa mmeongeza kifungu. Soma waraka, muulize wakala kwa maandishi.

Mifumo_Ganjoni

Kabla ya kumpelekea mteja, fanyeni zoezi la mezani la dakika 90. Watu sita, mtu mmoja ana karatasi zenye matukio na anazisoma moja baada ya nyingine. Kwa hali yenu: "Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi, duka la chini limeungua, jengo limezungushiwa utepe. Makontena manne siku zake za bure zinaisha kesho." Nusu saa baadaye: "Mwenye diski ya nje yuko Malindi, simu yake haipatikani." Baadaye tena: "Mteja mkubwa anataka jibu la maandishi kufikia saa tano." Wasijibu "tungempigia fulani". Wapige kweli, kwa namba iliyo kwenye mpango. Nusu ya namba huwa zimebadilika.

Mpango uchapwe, kila kiongozi awe na nakala nyumbani. Ukikaa kwenye seva pekee, utazimika pamoja na seva. Mkimaliza zoezi tuletee hapa yaliyokwama, hasa muda wa kurejesha zile gigabaiti 800 kutoka kwenye diski ya USB, tulinganishe na hesabu ya SevaNaChumvi.